Bei Tatu Katika Kifungu Kimoja

Wahakiki tumezoea kuchambua riwaya, tamthilia na mashairi, na maandishi ya sheria tumewaachia mawakili. Ni hasara kwetu na kwa wananchi. Kifungu cha 97 cha Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 kina sentensi chache, lakini ndizo zinazoamua mtu aliyeshindwa kulipa mkopo atatoka na nini baada ya shamba au nyumba yake kupigwa mnada: atapewa salio, ataondoka mikono mitupu, au atabaki hana ardhi na bado anadaiwa. Maandishi yenye uzito huo yanastahili kusomwa sentensi kwa sentensi, kwa kuuliza nani anatenda na nani anatendewa, kipi kimetangulizwa na kipi kimesukumwa nyuma, na nani ameachwa nje ya mlango. Nimekisoma kifungu hicho kwa namna hiyo. Naona kinaanza kwa sentensi nzuri mno, kisha kinajikwaa pale pale ambapo mwananchi alihitaji kisimame imara, yaani penye hesabu.

Tuanze na sababu ya kifungu chenyewe. Chukua mtu mwenye kiwanja cha thamani ya shilingi milioni 10, ambaye deni lake pamoja na riba limebaki milioni 4. Mkopeshaji akikiuza kwa milioni 4 na kitu kidogo cha gharama za mnada, amekwisha kupata chake chote. Milioni ya tano hana haja nayo. Karibu milioni 6 zinazobaki ni haki ya mwenye kiwanja, lakini mwenye madaraka ya kuuza ni yule ambaye hazimhusu. Na deni likiwa kubwa kuliko thamani ya ardhi, hatari ni ile ile, kwa sababu pengo litafuatwa kwa mkopaji au kwa mdhamini wake. Kwa vyovyote vile, anayechagua siku, dalali, maneno ya tangazo na bei ya chini siye atakayeumia bei ikianguka.

Sentensi ya kwanza ya kifungu inalijua hilo. Inasema, kwa maneno yangu, kwamba mkopeshaji anayetumia mamlaka ya kuuza ardhi iliyowekwa rehani, hata akiuza kwa amri ya mahakama, anadaiwa wajibu wa uangalifu na mweka rehani, na mdhamini wa mkopo, na mkopeshaji mwingine aliye nyuma yake katika foleni, ili apate bei bora inayoweza kupatikana kwa juhudi za busara wakati wa kuuza. Tazama muundo wake. Katika kurasa zote za mkataba wa rehani, mkopeshaji ndiye anayedai. Hapa nafasi zimegeuzwa: yeye ndiye mwenye deni, na wanaomdai wametajwa kabla hata ya kutajwa kinachodaiwa. Mwandishi wa sheria angeweza kusema tu kwamba ardhi iuzwe kwa bei nzuri. Hakufanya hivyo. Ameweka watu mbele ya bei, na kwa mpangilio huo akawapa mlango wa kuingilia mahakamani kwa majina yao.

Sheria iliyotangulia ilizungumza kwa sauti nyingine. Kifungu cha 77 cha Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa, Sura ya 300, kilimtaka mkopeshaji atende kwa nia njema na ajali maslahi ya mweka rehani. Nia njema ni hali ya moyo. Ukitaka kumshinda mtu kwa kipimo hicho huna budi kuonyesha kwamba moyo wake ulikuwa mbaya, na mioyo ya benki haikaguliki kirahisi. Uangalifu ni jambo la matendo, na matendo huacha karatasi: ripoti ya mthamini, gazeti lenye tangazo, barua ya maagizo kwa dalali, orodha ya waliohudhuria. Mabadiliko haya ndiyo ushindi mkubwa wa kifungu cha 97, na yametimizwa katika sentensi moja isiyo na mbwembwe.

Hata hivyo, orodha ya wanaodai ina pengo. Kifungu cha 96, kinachotangulia, kinaagiza kwamba notisi ya siku 40 ya kuuza ipelekwe pia kwa watu wengine kadhaa, akiwemo mwenzi wa mweka rehani aliyetoa ridhaa yake. Mwenzi huyo anapewa habari kwamba nyumba itauzwa. Ukifungua ukurasa unaofuata kutafuta jina lake kati ya wale wanaodai uangalifu, humwoni. Mke aliyetia sahihi ili nyumba ya ndoa iwekwe rehani anahesabika anapoombwa ridhaa, anahesabika anapopelekewa notisi, na bei inapojadiliwa hatajwi. Mahakama huenda ikamsikiliza kwa njia nyingine, lakini mimi nasoma kilichoandikwa, na kilichoandikwa kimemwacha nje wakati ambapo hasara yake ni kubwa kuliko ya mdhamini ambaye hajawahi kulala katika nyumba hiyo.

Sasa tuangalie maneno yanayofunga sentensi ile: wakati wa kuuza. Yanapita kimya kimya, na yana nguvu kuliko yanavyoonekana. Bei bora inapimwa siku ambayo mkopeshaji ameamua kuuza, si siku ambayo soko lingekuwa zuri. Asili ya wazo hili iko Uingereza, katika hukumu ambayo kila mwanafunzi wa sheria ya rehani anayefuata mkondo wa Kiingereza huisoma: Cuckmere Brick dhidi ya Mutual Finance, ya Mahakama ya Rufani, mwaka 1971. Jaji Salmon alieleza humo kwamba mkopeshaji si mtu aliyekabidhiwa amana ili amwuzie mwenzake. Haki yake ya kuuza ikishaiva, anaweza kuitumia wakati wowote autakao, hata kama kungoja kungeleta bei ya juu. Lakini akishaamua kuuza, lazima achukue uangalifu wa busara ili apate thamani halisi ya soko ya siku hiyo. Mwaka 2003, katika kesi ya Silven Properties dhidi ya Royal Bank of Scotland, Mahakama ya Rufani hiyo hiyo ilikwenda mbele kidogo: mkopeshaji halazimiki kungoja kibali cha ujenzi kilichoombwa wala kutafuta wapangaji ili kuipandisha thamani mali kabla ya kuiuza. Uhuru huo wa kuchagua wakati ndio uliobanwa ndani ya maneno yale matatu.

Kesi ya Cuckmere inafaa kukaliwa kwa muda, kwa sababu nzima ni kesi ya uandishi. Kampuni ya Cuckmere ilikuwa na ardhi Maidstone, katika jimbo la Kent, na iliiweka rehani kwa Mutual Finance. Ardhi hiyo ilikuwa na vibali viwili vya ujenzi: kimoja cha kujenga fleti 100, kingine cha kujenga nyumba 35. Mkopo haukulipwa, mkopeshaji akaitwaa ardhi na kuikabidhi kwa madalali. Madalali wakaandika tangazo. Tangazo lilitaja kibali cha nyumba 35. Kibali cha fleti 100 hakikutajwa. Wenye ardhi walipogundua walilalamika, wakaomba mnada uahirishwe ili tangazo lirekebishwe. Wakakataliwa. Ardhi ikauzwa kwa pauni 44,000, wakati wenyewe walidai ilistahili 75,000.

Hakuna aliyesema uongo katika tangazo lile. Kila kilichoandikwa kilikuwa kweli. Kosa lilikuwa katika kilichokosekana, na msomaji wa gazeti hana macho ya kuona kisichokuwepo. Mjenzi mwenye fedha za kujenga fleti alipitisha jicho juu ya tangazo, akaona nyumba 35, akafungua ukurasa mwingine. Hakufika mnadani, na kutofika kwake hakukurekodiwa popote. Waliofika walishindana kwa kiwango cha nyumba, bei ikasimama hapo. Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba mkopeshaji hakuwa mwangalifu, ikaagiza kiasi cha fidia kichunguzwe. Tena ilimbebesha mkopeshaji mwenyewe kosa la madalali wake.

Kwa hiyo wajibu wa uangalifu ulipozaliwa katika hukumu hii ulizaliwa kama wajibu wa kueleza. Kinachotakiwa kwa mkopeshaji kwanza kabisa ni kuiandika mali kama ilivyo, kwa ukamilifu, mahali ambapo wanaoitaka watasoma. Nasisitiza jambo hili kwa sababu mijadala ya minada kwetu hukimbilia namba za wathamini na kusahau kwamba bei hutengenezwa na watu waliopata habari. Kifungu cha 98 cha sheria ya Kenya kinalisema jambo hili waziwazi. Mali ikiuzwa kwa mnada wa hadhara, mkopeshaji ana wajibu wa kuhakikisha kwamba umetangazwa mapema kwa namna na sura itakayowafikia watu wanaoelekea kupendezwa nayo. Sentensi hiyo haipimi ukubwa wa tangazo wala idadi ya magazeti. Inapima kama habari imemfikia anayefaa. Ningefurahi kama ingekuwa ndani ya kifungu cha 97, karibu na neno la uangalifu, badala ya kuwekwa jirani kama suala la utaratibu.

Baada ya sentensi ile ya kwanza inakuja ya pili, fupi: kabla ya kuuza, mkopeshaji ahakikishe mthamini amefanya uthamini wa mauzo ya lazima, yaani makadirio ya bei ambayo mali ingepata ikilazimika kuuzwa haraka. Halafu inakuja ya tatu, ndefu, yenye asilimia. Hapa ndipo kifungu kinapochafuka, na ili tuuone uchafu huo vizuri tumwite jirani yake.

Kifungu cha 133 cha Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 kina sura ya ndugu. Ukiziweka sheria mbili bega kwa bega huhitaji kuambiwa kwamba ya Kenya ilipita mlango wa ya Tanzania. Rasimu ya Tanzania iliandaliwa na Profesa Patrick McAuslan, Mwingereza aliyekuwa miongoni mwa walimu wa mwanzo wa sheria pale Dar es Salaam. Sheria ya Tanzania inasema kwamba ardhi ikiuzwa kwa bei iliyo asilimia ishirini na tano au zaidi chini ya bei ya wastani ya ardhi ya aina na ubora ule katika soko huria, itachukuliwa kwamba mkopeshaji amevunja wajibu wake, mpaka yeye athibitishe vinginevyo. Sentensi ni nzito lakini inahesabika. Kiwanja cha milioni 10 kikiuzwa kwa milioni 7.5 au chini ya hapo, mzigo wa kujieleza unahama kutoka kwa mwenye ardhi kwenda kwa mkopeshaji.

Sheria ya Kenya inasema: ikiwa bei iliyouziwa ni asilimia ishirini na tano au chini ya bei ya soko. Soma tena. Maneno ya kati yamedondoka, na yalipodondoka yameuvunja uti wa sentensi. Msomaji wa kwanza ataelewa kwamba bei iwe robo ya bei ya soko au pungufu ya robo hiyo, yaani kiwanja chetu cha milioni 10 kiuzwe kwa milioni 2.5 ndipo sheria ishtuke. Msomaji wa pili anaweza kushika maneno ya mwisho peke yake, akasema kwamba bei yoyote iliyo chini ya soko inatosha, hata ikipungua kwa shilingi moja. Msomaji wa tatu ataelewa kama Watanzania wanavyoelewa. Tofauti kati ya msomaji wa kwanza na wa tatu ni shilingi milioni 5 katika kiwanja kimoja.

Sentensi yenyewe inajiokoa mkiani. Inamalizia kwa kusema kwamba mkopeshaji asidhani ametimiza wajibu kwa sababu tu ameuza kwa pungufu lisilofika asilimia 25 chini ya bei ya soko. Mkia huo unamthibitishia msomaji wa tatu kwamba ndiye aliyeelewa sawasawa. Kwa msomaji mwenye subira, shaka inaisha. Lakini sheria hii haikuandikwa kwa ajili ya wenye subira peke yao. Mwalimu mstaafu aliyepokea notisi, anayesoma nakala aliyochapishiwa na mjukuu wake, anafika kwenye robo, anapiga hesabu, anakata tamaa na kulala. Sentensi inayohitaji mkia wake ili kichwa kieleweke ni sentensi mbovu, na ubovu wake unamwangukia yule asiye na wakili.

Kuna kingine kilichobadilika katika safari ya kutoka Dodoma hadi Nairobi. Tanzania inapima kwa bei ya wastani ya ardhi zinazofanana. Kenya inapima kwa bei ya soko ambayo ardhi zinazofanana zinauzwa. Wastani unahitaji mauzo kadhaa, uyajumlishe na kuyagawa. Bei ya soko unaweza kuipata kwa maoni ya mthamini mmoja. Kwa hiyo nchini Kenya kesi nyingi za aina hii huishia katika vita vya ripoti mbili: mthamini wa benki na mthamini wa mkopaji, kila mmoja na namba yake. Mwaka 2014, katika kesi ya Zum Zum Investment dhidi ya Habib Bank, Mahakama Kuu ya Kenya ilionyesha kwamba haitoshi mkopaji kuleta ripoti yenye namba ya juu zaidi. Anatakiwa aonyeshe kasoro katika ripoti ya benki: kwamba aliyeifanya hakuwa na sifa, kwamba alizingatia mambo yasiyohusika, au kwamba uthamini ulifanywa zamani mno. Ni msimamo wa haki, maana bila hivyo kila mnada ungesimamishwa kwa karatasi ya jana. Lakini angalia kilichotokea: sheria ilitaka kumpunguzia mwenye ardhi mzigo wa uthibitisho, na kabla hajafika kwenye punguzo hilo inambidi kwanza aibomoe ripoti ambayo hakuiagiza yeye.

Turudi kwenye ile sentensi fupi ya katikati, ya uthamini wa mauzo ya lazima. Sheria ya Tanzania haina sentensi hiyo mahali hapo. Kenya imeichomeka, na imeichomeka kati ya wajibu na kipimo chake. Matokeo yake, katika sentensi tatu mfululizo tunakutana na bei tatu tofauti: bei bora inayoweza kupatikana, bei ya mauzo ya lazima, na bei ya soko. Hakuna hata mstari mmoja unaoeleza zinahusianaje. Je, mkopeshaji aliyepata bei ya mauzo ya lazima amepata bei bora? Je, bei ya mauzo ya lazima ni sakafu au ni dari? Kifungu kiko kimya.

Ukimya huo umejazwa na desturi, na desturi yenyewe inatisha ukiitazama kwa karibu. Wathamini mara nyingi huikadiria bei ya mauzo ya lazima kuwa robo tatu ya bei ya soko. Kiwanja cha milioni 10 kinaandikiwa milioni 7.5. Sasa kumbuka ule mstari wa sheria ambapo mkopeshaji anaanza kushukiwa: asilimia 25 chini ya soko, yaani milioni 7.5. Namba ni moja. Kile ambacho sheria imekiweka kama mpaka wa kutiliwa shaka, desturi imekifanya mahali pa kuanzia mnada. Dalali akipewa milioni 7.5 kama bei ya chini na ardhi ikaondoka kwa bei hiyo, mkopeshaji atanyoosha kidole kwenye sentensi ya pili na kusema nimetii, na mwenye ardhi atanyoosha kidole kwenye sentensi ya tatu na kusema umevunja. Wote wawili watakuwa wanasoma ukurasa uleule.

Kwa maoni yangu jibu limo katika mpangilio wa kifungu, hata kama halikuandikwa. Sentensi ya kwanza ndiyo yenye wajibu, na zinazofuata ni vyombo vyake. Uthamini wa mauzo ya lazima ni hatua ya kujiandaa, haugeuzi maana ya bei bora. Mkopeshaji anayeanza na robo tatu na kuridhika nayo ameanza na kumaliza mahali pamoja, na uangalifu ni ile juhudi inayofanyika katikati. Mkia wa sentensi ya tatu, ule ule tuliousifu, unaunga mkono usomaji huu, kwa kuwa unakataa kabisa kuifanya asilimia kuwa kinga.

Tutoke kwenye kitabu cha sheria tufungue gazeti. Matangazo ya minada Kenya yana umbo ambalo msomaji yeyote wa magazeti analijua: jina na nembo ya dalali juu, maelezo ya mali, jina la mmiliki aliyesajiliwa, namba ya ardhi, ukubwa, umbali kutoka mji fulani, kisha masharti. Kanuni za Madalali za mwaka 1997 zinaweka vipindi: notisi ya siku zisizopungua 45 kwa mwenye mali, na mnada usifanyike kabla ya siku 14 tangu tangazo la kwanza. Maagizo kwa dalali yanatakiwa yawe na bei ya chini inayotokana na uthamini usiozidi miezi 12.

Msomaji akilisoma tangazo la kawaida kama maandishi, ataona sauti mbili zinazopingana. Sauti ya juu inaalika. Sauti ya chini inajihami. Sharti la kwanza, karibu katika kila tangazo, humtaka mnunuzi ajihakikishie mwenyewe maelezo yote, kwa kuwa dalali na aliyemtuma hawayatolei dhamana. Linafuata sharti la kulipa asilimia 25 nyundo ikianguka na salio ndani ya siku 90. Mnunuzi anaombwa fedha nyingi kwa haraka kwa ajili ya mali ambayo muuzaji anakataa kuisemea. Mtu mwenye akili timamu atafanya nini? Atapunguza bei, ili punguzo limkinge na asichokijua.

Na maelezo ya mali huwa makavu. Utasoma kwamba ni shamba la ekari kadhaa lililoendelezwa. Limeendelezwa na nini? Kama lina kisima kinachotoa maji mwaka mzima, kama barabara ya lami inapita mpakani, kama nyumba ya wapangaji iliyomo ina wapangaji wanaolipa, kama kuna kibali cha kubadilisha matumizi ya ardhi, kila kimoja kingemwita mnunuzi wa aina yake. Wapo madalali wanaoandika vizuri, wakataja vyumba, kodi ya mwezi na hali ya jengo, na hao wanastahili sifa. Lakini tangazo likisema tu kwamba shamba limeendelezwa, limerudia kosa la Maidstone: hakuna uongo, na hakuna habari. Nionavyo mimi, tangazo la namna hiyo kwa mali yenye sifa zinazojulikana na mkopeshaji ni uvunjaji wa wajibu hata kabla nyundo haijainuliwa. Mkopeshaji anazijua sifa hizo, maana ziliandikwa zote katika ripoti ya uthamini siku alipokuwa akikopesha.

Kifungu cha 97 hakimruhusu ajifiche nyuma ya dalali wala nyuma ya mkataba. Kinasema si utetezi kwamba alikuwa akitenda kama wakala wa mweka rehani au kwa hati ya uwakilishi aliyopewa naye. Wala hawezi kumtoza mkopaji gharama za kosa lake mwenyewe. Sentensi hizi mbili ni safi, fupi, na nazipenda. Zinaonyesha kwamba mwandishi wa sheria alijua kuandika alipotaka.

Ugumu unarudi kwenye kifungu cha 99. Kifungu cha 97 kilimwambia mwenye ardhi aliyeuziwa kwa bei ya kutupwa kwamba anaweza kuiomba mahakama itangaze mauzo ni batili. Kurasa mbili mbele, kifungu cha 99 kinamkinga mnunuzi: hana haja ya kuuliza kama kweli mkopaji alishindwa kulipa, kama notisi ilifika, wala kama mauzo yalikuwa ya halali, isipokuwa pawepo udanganyifu au hila ya mkopeshaji anayoijua au anayopaswa kuijua. Aliyedhurika na mauzo yasiyo ya kawaida anaelekezwa adai fidia. Kwa hiyo mkono mmoja umetoa ubatilisho, mkono wa pili umetoa fedha. Mwenye ardhi anayesoma mpaka mwisho anagundua kwamba ahadi ya kurudishiwa ardhi yake ina nguvu kabla nyundo haijaanguka, na inanyauka mara inapoanguka. Hii ndiyo sababu mawakili hukimbilia zuio la mahakama siku chache kabla ya mnada. Watu huwalaumu wakopaji kwa kukimbilia mahakamani, lakini sheria yenyewe, kwa jinsi ilivyopangwa, imewaambia kwamba baada ya hapo watakuwa wamechelewa.

Upande wa pili una hoja zake, na si dhaifu. Fedha zinazokopeshwa na benki ni akiba za watu wengine, na za chama cha akiba na mikopo ni jasho la wanachama. Mkopaji asiyelipa kwa miaka mitatu, akizuia mnada kila unapopangwa, anawaumiza hao. Tena bei ya mnada huwa chini kwa sababu ambazo mkopeshaji hawezi kuziondoa zote: mnunuzi anaogopa kesi, anaogopa kumkuta mwenye nyumba bado amekaa ndani, anaogopa majirani watakaomwita mnyang'anyi. Mahakama haziwezi kumhukumu mkopeshaji kana kwamba aliuza katika soko la utulivu. Lakini kila hoja kati ya hizi inatuambia mnada una vizuizi vingi vya bei. Kwa mantiki hiyo hiyo, kile kimoja ambacho mkopeshaji anakitawala kikamilifu, yaani maneno ya tangazo na ufikaji wake, hakipaswi kusamehewa.

Bunge la Kenya linaweza kulitengeneza jambo hili bila kuandika sheria mpya. Sentensi ya tatu ya kifungu cha 97 irudishiwe maneno yake: asilimia ishirini na tano au zaidi chini ya bei ya soko. Iongezwe sentensi moja inayosema kwamba bei ya mauzo ya lazima si ushahidi wa bei bora. Mwenzi aliyetoa ridhaa aingizwe katika orodha ya wanaodai uangalifu. Na kanuni za madalali zidai kwamba tangazo libebe kila sifa ya mali iliyomo katika ripoti ya uthamini ambayo ingemvuta mnunuzi, vikiwemo vibali vyote vya matumizi ya ardhi.

Wewe uliyepokea notisi ya siku 40, usingoje siku ya mnada. Omba nakala ya uthamini. Tangazo likitoka lisome siku hiyo hiyo ukiwa na hati yako mkononi, uandike barua ya kila kilichoachwa, umpelekee mkopeshaji na dalali, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wenye ardhi ya Maidstone walilalamika kabla ya mnada wao, wakapuuzwa, na walipofika mahakamani ilikuwa ni vigumu kwa mkopeshaji kusema hakujua.